Mizigo ya Safari ya Pikipiki
Leo twasafiri kwa pikipiki kutoka Masasi kwenda Newala, tukilala njiani siku kadhaa. Tuchukue nini?

Anza na maji. Udongo wa uwanda wa juu wa Makonde ni wa kichanga: mvua ikinyesha, maji huzama chini sana, nazo chemchemi hutokea huko chini ya mteremko. Ndiyo sababu tangu zamani akina mama wa Newala walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Basi usitegemee kukuta mto huko juu.

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Dumu la lita 10 ni kilo 10. Ukilifunga juu ya mzigo, pikipiki huyumba penye mchanga, na hapo ndipo watu huvunjika miguu. Chukua madumu mawili ya lita 5, uyafunge chini, moja kushoto, moja kulia.

Halafu pampu, viraka, gundi na spana. Turubai jepesi latosha badala ya hema, lakini chandarua usikiache, wala blanketi: usiku wa Julai Newala ni baridi. Sufuria moja. Kiti cha kukunja? Kalia gogo.