Kolwezi: Lutuku, kikombe cha bei ya chini chenye hatari mbili

Mchimbaji anayerudi Kasulo au Kapata bila kupata madini hana makuta ya kununua chupa ya Simba inayotoka Lubumbashi. Anaenda kwa mama anayepika lutuku, anapimiwa kikombe, na kama mfuko ni mtupu anaandikiwa deni mpaka siku ya mauzo.

Namna ya kuipika inajulikana Katanga yote. Mahindi na mihogo vinachachishwa kwa siku kadhaa, kisha vinachemshwa ndani ya pipa lililofungwa. Mvuke unapita katika bomba linalopozwa na maji na kudondoka tone kwa tone. Munkoyo hata watoto wanakunywa ungali mtamu. Lutuku ni kali, na hakuna chupa inayoandikwa ukali wake.

Kuikataza si jambo jipya. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ulizuia kutengeneza pombe za kuchemsha katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwamo. Lutuku ingali ipo, maana kwa mama wengi ndiyo pesa ya masomo ya watoto na kodi ya nyumba. Kumwaga mapipa yao bila kuwapa kazi nyingine ni kupoteza wakati.

Lakini wachimbaji wengine wanakunywa kabla ya kushuka, eti kuondoa woga. Woga huo una faida: unamfanya mtu asikilize udongo. Mwezi wa sita 2019, udongo uliporomoka katika machimbo ya KOV, hapa Kolwezi, na kuua makumi ya wachimbaji. Udongo ukishuka, hata asiyeonja pombe anaponea chupuchupu. Aliyelewa hasikii hata mawe ya kwanza.

Hatari ya pili ni methanoli. Mahindi yenyewe yanatoa kidogo sana. Anayeua ni muuzaji anayeongeza alikoli ya kiwandani ili kinywaji kiwe kikali haraka. Wilayani Kabale, Uganda, waragi wenye methanoli uliua makumi ya watu mwaka 2010. Mara nyingi dalili zinakuja saa 12 hadi 24 baada ya kunywa: macho yanaona ukungu, tumbo linauma, pumzi inakwenda mbio. Nyumbani watu wanasema, "Mwacheni alale, pombe itatoka." Hapana. Huyo apelekwe hospitali mara moja, na waliokunywa naye waitwe, hata kama wangali wanajisikia wazima.