Kuzamia Zanzibar na Safari ya Kurudi Dodoma

Mlaji wa Dodoma anayelipia kuzamia kwenye mabaki ya meli, mathalani HMS Pegasus iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, aulize bei, lakini kwanza aulize saa ya mbizi ya mwisho.

Mzamiaji avutapo hewa ya mtungi kilindini, nitrojeni nyingi huyeyuka mwilini na hutoka polepole. Akipanda mapema mahali palipoinuka, hufanya viputo viwezavyo kuleta maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Onyo hili hutajwa zaidi kwa ndege; lakini Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo basi na treni navyo vinahusika. Feri ya Dar es Salaam haina shida. Shida ni kuunganisha safari jioni ileile.

Mwongozo wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Mbizi iliyolazimu kusimama njiani wakati wa kupanda huhitaji muda mrefu zaidi.

Ratiba iandikwe kwenye risiti kabla ya malipo. Kifurushi chenye mbizi ya asubuhi na tiketi ya Dodoma jioni hiyo kikataliwe, hata kikiwa na punguzo.