Bibi Darasani, Mama Mahakamani

Katika kijiji cha Phangane, jimbo la Maharashtra, iko shule ambayo wanafunzi wake wote ni wanawake waliovuka miaka 60. Wanafika mchana, kazi za nyumbani zikishapungua, wamevaa sare ya sari za pinki na kushika vibao vya kuandikia. Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 8 Machi 2016 kwa wazo la mwalimu Yogendra Bangar. Mwanamke kijana aliyepewa darasa hilo alimkuta mama mkwe wake mwenyewe akiwa miongoni mwa wanafunzi. Enzi za utoto wa wanafunzi hao kaka zao ndio waliopelekwa shule, wao wakabaki jikoni na shambani, na maisha yao yote walitia sahihi kwa dole gumba. Sasa wanaandika majina yao. Hata rangi ya sare ina uzito wake kwa walio wajane, maana kwa desturi mjane wa Kihindu hatarajiwi kuvaa nguo ya kung'aa.

Dunia imezoea kuiona India kama nchi ya vijana, lakini hesabu zinabadilika haraka. Sensa ya 2011 ilikuta watu wapatao milioni 104 wenye miaka 60 na zaidi. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa ifikapo 2050 watakaribia milioni 350, yaani mtu mmoja kati ya kila watano. Watu wanaishi muda mrefu zaidi, na wanazaa watoto wachache kuliko wazazi wao.

Heshima kwa wazee, kwa desturi, ipo tele. Mtoto hufundishwa mapema kuinama na kugusa miguu ya mkubwa, na harusi haianzi kabla wazee hawajatoa baraka. Tena wazee hao hawakai bure. Mjini, mume na mke wakienda kazini, bibi ndiye anayebaki na mjukuu, anamlisha, anamsubiri atoke shule, anamfundisha sala na lugha ya nyumbani. Vijijini mzee anaendelea kupalilia na kuchunga hadi nguvu zimwishie, kwa sababu Wahindi walio wengi hawakuajiriwa rasmi na hawana pensheni ya kazini. Kazi yote hii hailipwi mshahara, na ndiyo maana ni rahisi kumwita mzee mzigo.

Nyumba ya ukoo mzima chini ya paa moja nayo inapungua. Kerala ni jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya wazee nchini, na vijana wake kwa miongo kadhaa wamefuata kazi nchi za Ghuba, huko Dubai, Muscat na Doha. Pesa wanatuma. Huko Kumbanad, mji mdogo wa jimbo hilo, yapo majumba makubwa yaliyofungwa kufuli, na katika mengine anaishi mzee mmoja na mfanyakazi wake. Pesa ya Ghuba inanunua dawa, lakini haimshiki mzee mkono kumpeleka msalani usiku.

Wapenzi wa filamu za Kihindi Afrika Mashariki wataikumbuka Baghban ya 2003, ambamo watoto wanawatenganisha wazazi wao, baba kwa mtoto huyu na mama kwa yule. Miaka minne baadaye Bunge la India lilitunga sheria inayowalazimisha watoto kuwatunza wazazi wao. Anayemtelekeza mzazi anaweza kufungwa hadi miezi mitatu. Sheria hiyo pia inamruhusu mzee kudai mali aliyompa mtoto kwa sharti la kutunzwa, ikiwa sharti limevunjwa. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamuru mama mmoja wa Madhya Pradesh arudishiwe mali aliyomkabidhi mwanawe kwa ahadi ya namna hiyo. Hata hivyo wazazi wengi hunyamaza. Kumshtaki mtoto uliyemzaa ni aibu ambayo mzee anaona heri afe kuliko kuibeba.

Wanaoumia zaidi ni wajane. Vrindavan, mji mtakatifu wa mungu Krishna katika Uttar Pradesh, umekuwa kimbilio la maelfu yao, wengi kutoka Bengali Magharibi. Wamevaa sari nyeupe, huimba nyimbo za ibada hekaluni wapate chakula na sarafu chache. Tangu 2013 wajane wa huko wamekuwa wakisherehekea Holi kwa kurushiana unga wa rangi, jambo ambalo desturi iliwanyima, na picha zao zimezunguka dunia. Furaha hiyo ni haki yao, ila kesho yake bado wanahitaji kula.

Hapo ndipo serikali inapaswa kubanwa. Mwaka 2024 ilifanya jambo jema kwa kuwapa wote waliotimiza miaka 70, tajiri na maskini, bima ya matibabu ya hospitali. Lakini pensheni ambayo serikali kuu inawapa wazee maskini wenye miaka 60 hadi 79 ni rupia 200 kwa mwezi, chini ya dola 3 za Marekani, na haijapanda kwa zaidi ya miaka 15. Majimbo mengine huongeza fungu lao, Kerala likiwa mfano mzuri, na mengine huongeza kidogo sana. Nchi iliyoteremsha chombo chake mwezini haiwezi kusema imekosa fedha za kuwalisha wazee wake. Rupia 200 ni dharau, na kiwango hicho kipandishwe sasa.