Kikwembe: kweli ni nguo ya mababu?

Kila kipindi cha kutetea memwari maneno yanarudi yale yale. Dada anafika na suruali, mtu anamwambia arudi kuvaa kikwembe, juu suruali haiko ya mababu. Mimi napenda kikwembe. Lakini kama tunaongelea mababu, tuangalie kile kitambaa kilitoka wapi.

Bibi za bibi zetu hawakuvaa wax. Kasai, kwa Wakuba, wanaume walifuma rafia na wanawake wakaitia nakshi kwa sindano. Katika pori la Ituri walipiga ganda la mti mpaka linakuwa laini. Huku mashariki, mbele ya Wabelgiji, misafara ya Zanzibar ilileta merikani, kitambaa cheupe chenye jina la kwao Marekani, na kaniki yenye kutiwa rangi ya nili. Mwanamke alijifunga, basi.

Wax ni hadithi ingine. Watu wa Java walichora kitambaa kwa nta, rangi isiingie pale penye nta. Waholandi, waliokuwa wanatawala kule, wakaiga ile kazi kwa mashine. Kampani Vlisco ya Helmond ilianza 1846. Wateja wakubwa walipatikana Afrika ya magharibi, mwisho wa karne ya 19, kisha ikafika mpaka kwetu. Wamisionari nao walitaka mabega yafunikwe, blauzi ikaongezeka juu. Kufikia miaka ya 1950, kikwembe na libaya ndiyo ilikuwa nguo ya mwanamke wa mji mwenye kujiheshimu, na vyama vya wamama vya kusaidiana vilivaa kitambaa kimoja siku ya sikukuu. Ilikuwa mode, tena ya gharama!

Sasa pamba (hapa mnivumilie, nilisoma kilimo). Tangu 1917 koloni ililazimisha vijiji kulima pamba: Maniema, Sankuru, Uele na kwingine. Kila eneo lilikuwa na kampani moja tu ya kununua, na bei haikupangwa na mlimaji. Wakati wa vita, 1942, siku za kazi ya lazima zilipanda kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Sheria iliandika mwanaume, lakini kuchuma na kuchambua, wamama na watoto walikuwa ndani. Pamba nyingi ilienda Antwerp. Ingine ilibaki kwa viwanda vya hapa, kama Utexléo ya Léopoldville na, baada ya vita, Filtisaf ya Albertville, ni kusema Kalemie. Mama aliuza pamba kwa bei ndogo, kisha akatafuta franka za kununua kitambaa.

Na suruali? Ilikatazwa kwa wanawake miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, pamoja na mini na perruque, kwa jina la authenticité. Ile sheria tunayosukumia mababu, wazazi wetu wengi waliikuta wakiwa watoto wa shule.