Taa Inayolinda Matairi

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuiona katika motokaa za siku hizi taa ndogo ya manjano, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Hiyo huonya kwamba upepo wa tairi umepungua. Yafaa tujue ifanyavyo kazi, na pia isivyoweza kufanya.

Tairi lenye upepo kidogo hujikunja mno linapozunguka. Kujikunja huleta joto, na joto hulidhoofisha mpaka likapasuka. Katika mwaka 2000 Wamarekani walishtuka kupata habari za matairi ya Firestone, hasa katika motokaa za Ford Explorer, yaliyobanduka katika mwendo wa kasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Sheria ikatungwa mwaka ule ule, na tangu Septemba 2007 kila motokaa ndogo mpya iuzwayo huko hapana budi iwe na taa hii.

Njia za kupima ni mbili. Katika ya kwanza, kila gurudumu hutiwa ndani yake, penye valvu, kipimo kidogo chenye betri, nacho hupeleka habari kwa dereva kwa mawimbi ya redio. Betri hudumu miaka 5 hadi 10. Ikiisha, kwa kawaida hubadilishwa kipimo kizima. Njia ya pili huhesabu mizunguko tu. Tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi kuliko wenzake. Lakini yakipungua yote manne sawasawa, huenda njia hii isitambue.

Sasa angalieni jambo kubwa. Sheria ya Marekani hudai taa iwake upepo ukipungua kwa robo. Basi tairi linalotaka ratili 32 laweza kushuka hata 24 ndipo taa iwake. Likiwa na 26 taa hunyamaza, na huku tairi linaumia.

Kwa hiyo ninyi mlio na motokaa, shikeni haya. Pimeni upepo kwa geji kila mwezi, na kabla ya safari ndefu, matairi yangali baridi. Kipimo kipasacho kimeandikwa penye mlango wa dereva. Mwambieni fundi kwamba mna vipimo ndani, kabla hajalitoa tairi, maana chuma chake huweza kuvivunja. Katika njia ya pili, mkiisha kujaza upepo, ni lazima chombo kianzishwe upya kama kitabu cha motokaa kielezavyo. Tena, taa ikimetameta kwa dakika moja hivi, kisha ikabaki kuwaka, jueni kwamba chombo chenyewe kimeharibika.

Taa ni msaidizi, si mlinzi wa pekee. Dereva mwema hangoji kuonywa nayo: mwenye macho haambiwi tazama.