Mbwa wa Kilosa na Mbwa Mwitu wa Mikumi: Jina Moja, Vinasaba Tofauti

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Mwananchi wa Mikumi au Parakuyo wilayani Kilosa anapotangaziwa kupeleka mbwa wake kwenye chanjo, ana haki ya kuuliza zoezi hilo linahusianaje na wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wapo wanaoamini kuwa mbwa mwitu wa hifadhini ni mbwa wa kawaida waliotoroka nyumbani zamani, na kwamba wakikutana na mbwa wa kijijini watazaa chotara wenye nguvu zaidi. Imani hiyo si sahihi.

Mkanganyiko huanzia kwenye jina. Watafsiri wa Biblia walitumia "mbwa mwitu" kwa mnyama wa kijivu wa Ulaya na Asia ambaye hapatikani nchini. Sisi twalitumia pia kwa mnyama wetu mwenye masikio ya duara na mabaka meusi, meupe na ya manjano, anayewinda kwa makundi. Mbwa wa nyumbani anatokana na yule wa kijivu, na walitengana zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Ukoo wa mbwa mwitu wa Mikumi ulijitenga nao zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Wote wana kromosomu 78, lakini mbwa mwitu wetu ana vidole vinne tu katika mguu wa mbele, ilhali mbwa wa nyumbani ana vitano, kimoja kikiwa juu kidogo. Hawazaliani.

Tofauti nyingine kati ya mbwa na babu yake wa kijivu imo katika idadi ya nakala za jeni. Jeni ni maelekezo ambayo mwili huyafuata kutengeneza protini. Mbegu au yai linapotengenezwa, mara chache hutokea kipande cha maelekezo hayo kikanakiliwa mara mbili, na mtoto akazaliwa na nakala ya ziada. Nyingi ya nakala hizo hazina kazi, na baadhi huleta madhara. Chache huwa na faida.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walichapisha mfano wa kundi hilo la mwisho. Kongosho la mbwa hutengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kwa kutumia jeni iitwayo AMY2B. Mbwa mwitu wa kijivu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Katika mbwa wa nyumbani walihesabu kuanzia nakala nne hadi thelathini. Ndiyo maana mbwa anaweza kuishi kwa ukoko wa ugali na makombo ya wali, chakula ambacho kingemdhoofisha babu yake. Si mbwa wote wako hivyo. Dingo wa Australia ana nakala mbili tu, na mbwa wa Siberia wanaovuta sleji wana chache, kwa kuwa mababu zao hawakuishi na wakulima. Mbwa mwitu wa Mikumi hayumo kabisa katika historia hiyo ya shamba na jikoni, kwani chakula chake ni nyama, hasa ya swala.

Mfano wa nakala yenye gharama unatoka kusini mwa Afrika. Mbwa aina ya ridgeback ana mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Mwaka 2007 ilibainika kuwa mstari huo unatokana na kurudufishwa kwa kipande chenye jeni za ukuaji, na kwamba kipande hichohicho humweka katika hatari ya kuzaliwa na kasoro ya ngozi inayoweza kufika hadi kwenye uti wa mgongo.

Kuhusu utajiri wa vinasaba, mbwa koko anastahili heshima kuliko anayopewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha mbwa zaidi ya 300 wa vijijini nchini Uganda, Misri na Namibia, ulionyesha kuwa wana vinasaba vya aina nyingi, na wale wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wa asili ya hapahapa Afrika. Akifa mmoja, ukoo wake haupotei.

Kwa mbwa mwitu hesabu ni nyingine. Tathmini ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) ya mwaka 2012 ilikadiria kuwa wamebaki takriban 6,600 duniani, na waliokomaa ni wapatao 1,400. Katika kila kundi kwa kawaida huzaa jozi moja tu inayoongoza, hivyo wanaorithisha vinasaba ni wachache zaidi. Ikolojia ya Nyerere na Selous, ambayo Mikumi imeungana nayo, ni miongoni mwa ngome zao kubwa barani. Kundi moja likifa kwa ugonjwa, hupotea pia aina za vinasaba ambazo huenda hazimo katika makundi mengine.

Kutozaliana hakuzuii kuambukizana, na hapo ndipo mbwa wa kijijini anapohusika. Huko Serengeti, kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika mbwa mwitu mwaka 1990, na mwaka uliofuata makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa yalitoweka. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo. Ilipofika mwaka 2012 ilibidi mbwa mwitu wahamishwe kutoka Loliondo ili kurejeshwa Serengeti.

Binadamu naye yumo hatarini. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vya watu wapatao 1,500 kwa mwaka nchini kutokana na kichaa cha mbwa. Maambukizi hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa kila mwaka, wakiwemo watoto wa mbwa, ambao wafugaji wengi huwaacha nyumbani.

Ikumbukwe kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii distempa, ambayo ina chanjo yake. Mfugaji amuulize ofisa mifugo wa kata. Hairuhusiwi kuingia na mbwa hifadhini. Atakayeona mbwa mwitu aliyekufa au anayeyumba asimguse, bali atoe taarifa kwa askari wa hifadhi au serikali ya kijiji. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.