Miaka Mitatu ya Kusomesha Vidole

Usiku wa Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo, ulikuwa na sauti yake: mlio mwembamba wa filimbi, kisha kimya, kisha fimbo ikigonga njia taratibu. Aliyepita alikuwa mkandaji asiyeona. Mwenye mgongo uliokaza akisikia filimbi alifungua mlango akamkaribisha ndani. Hivyo ndivyo Wajapani wengi wasioona walivyokula jasho lao kwa vizazi na vizazi. Hawakuwa wakiombaomba, walikuwa wakiuza kazi waliyoisomea.

Neno hilo, kuisomea, ndilo la kushika. Kiswahili kina vitenzi vyake vya kazi hii: kukanda, kuchua, kusinga, kusugua. Pwani, mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na mama mtu mzima ambaye naye aliyapokea maarifa hayo kwa waliomtangulia. Japani ilikuwa na mapokeo kama hayo. Ila zaidi ya miaka 300 iliyopita mtu mmoja aliyachukua akayaingiza darasani, na wanafunzi aliowalenga walikuwa watu ambao hakuna shule nyingine iliyokuwa ikiwangoja.

Mtu huyo ni Sugiyama Waichi, aliyezaliwa mwaka 1610 katika ukoo wa samurai. Alipoteza macho akiwa mtoto, na mtoto wa samurai asiyeona hakuweza kurithi kazi ya upanga. Akaenda Edo kujifunza tiba ya sindano, ile ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili. Mwalimu wake alichoka naye kwa uzito wake wa kushika masomo, akamrudisha. Masimulizi yanaeleza kwamba Waichi alikwenda kufunga na kuomba katika pango la kisiwa cha Enoshima, na alipokuwa akitoka alijikwaa kwenye jiwe. Mkono wake uliangukia kitu kilichomchoma: jani lililojikunja kama mrija, na ndani yake sindano ya msonobari.

Pango na jiwe tuwaachie wasimulizi. Kilichobaki mkononi ni kijibomba. Sindano hutangulizwa ndani yake, kijibomba kikasimamishwa juu ya ngozi, kisha kidole hugonga kichwa cha sindano ikaingia wima, kwa maumivu kidogo sana. Asiyeona hahitaji tena kukisia. Hadi leo waganga wa sindano wenye macho makali, Japani na nje yake, wanatumia kijibomba hicho.

Waichi alipata sifa hadi akamtibu Tsunayoshi, shogun aliyeitawala nchi. Inasimuliwa kwamba shogun alimwuliza anataka zawadi gani, akajibu kuwa angependa jicho moja tu. Akapewa ardhi mahali palipoitwa Hitotsume, jina ambalo kwa Kijapani husikika kama “jicho moja”. Hekalu la kumkumbuka lipo hapo mpaka sasa, katika wilaya ya Sumida. Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuwa shule aliyoifungua mwaka 1682 kwa msaada wa shogun huyo, ya kuwafundisha wasioona kukanda na kuchoma sindano. Ni miongoni mwa shule za kwanza duniani zilizowapa wasioona ufundi wa kujitegemea. Huko Ulaya, shule ya Valentin Haüy ya watoto wasioona ilifunguliwa Paris mwaka 1785, karne nzima baadaye.

Leo anayetaka kukanda kwa leseni nchini Japani husoma miaka mitatu, kisha hufanya mtihani wa taifa, ambao kwa wasioona hutolewa pia kwa maandishi ya nukta nundu. Wengi hushangaa: miaka mitatu ya kukanda mgongo? Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya masomo haigusi mgongo wa mtu. Kuna anatomia, fiziolojia, magonjwa na usafi, kisha tiba ya kale ya Asia ya Mashariki pamoja na njia na vituo vyake vya mwili. Wanafunzi wengi huongeza leseni mbili nyingine: ya sindano, na ya moksa, yaani kuchoma vijidonge vya majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga juu ya ngozi au karibu nayo.

Leseni ya ukandaji yenyewe inabeba majina matatu, anma, masaji na shiatsu, na hapo ndipo mafunzo yanaponoga. Anma, yenye asili ya China, hufanywa juu ya nguo, mkono ukitoka katikati ya mwili kuelekea ncha za vidole. Masaji ya Ulaya, iliyoingia Japani katika karne ya 19, huenda kinyume chake: ngozi tupu, mafuta au poda, na mkono ukirudi upande wa moyo kuifuata damu ya vena. Shiatsu, yaani “mkandamizo wa kidole”, haisugui kabisa. Dole gumba hushuka wima, hutulia sekunde chache, huinuka polepole. Mwanafunzi hurudia mwendo huo mara nyingi mno, kwa sababu dole lisilofundishwa huchoka upesi, nalo likichoka humwumiza mwenyewe kabla ya kumwumiza mgonjwa.

Shiatsu inadaiwa sana na Tokujiro Namikoshi, aliyezaliwa mwaka 1905. Familia yake ilipohamia Hokkaido kwenye baridi, mama yake alipata maumivu makali ya viungo, na mtoto akawa anavibonyeza viungo hivyo kwa vidole siku hadi siku. Mwaka 1940 alifungua chuo Tokyo. Mwaka 1954 Marilyn Monroe alipougua tumbo akiwa ziarani mjini humo, aliyeitwa ni Namikoshi.

Somo linalostahili kusifiwa kuliko yote ni lile la kujua wakati wa kutokukanda. Mguu mmoja uliovimba, wa moto na wenye maumivu, huenda una damu iliyoganda ndani. Kuuchua kunaweza kuing’oa damu hiyo ikaenda kuziba mapafu, na mtu akafa. Homa, mfupa uliovunjika, maumivu ya mgongo yanayofuatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo: yote hayo ni ya daktari. Mkandaji mwema hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda. Anayeahidi kuponya saratani kwa kukanda hastahili kuaminiwa, hata awe na vyeti ukutani.

Heshima ya kazi hii haikuja bure. Mwaka 1947, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, utawala wa jeshi la Marekani ulitaka kupiga marufuku sindano na moksa. Wakandaji na waganga wasioona walipinga kwa nguvu, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya leseni. Mwaka 1964 kiliongezwa kifungu kinachoiruhusu serikali kukataa kozi mpya za ukandaji kwa wanaoona, zikionekana kuhatarisha riziki ya wasioona. Kifungu hicho kilipelekwa mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Japani ikakikubali.

Majirani walitofautiana waziwazi. Korea Kusini huwapa leseni wasioona peke yao. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliiangusha kanuni hiyo, na wakandaji wakaandamana kwenye daraja la Mapo mjini Seoul, baadhi yao wakijitupa mtoni. Bunge likairudisha kwa sheria, na tarehe 30 Oktoba 2008 mahakama ileile ikaikubali. Kesho yake, tarehe 31, majaji wa katiba wa Taiwan waliamua kinyume: kuwafungia wanaoona kazi hiyo ni kuvunja haki yao ya usawa na ya kufanya kazi. Hoja ya Taiwan ina uzito. Lakini mlango wa pekee uliowahi kumfungukia mtu haufai kupanuliwa kwa wote kabla hajafunguliwa mingine.

Katika shule za wasioona za Japani kuna vyumba vya kliniki ambako wakazi wa jirani huja kukandwa kwa bei nafuu, mwalimu akiwa karibu. Mwanafunzi hutangulia kuuliza: maumivu yalianza lini, dawa gani unatumia, umelala vipi. Akiridhika na majibu, ndipo hunyoosha mkono.